Mwanafunzi wa uzamivu (PhD) wa maji apewe mtambo unaosumbua kabla hajapewa mada: mnasemaje?

#1 Maji_MaraMbili
Wakuu, salamu. Hoja yangu ni hii: anayekuja kusomea uzamivu wa kutumia tena maji taka asipewe mada mpaka akae wiki nane na mtambo wa majaribio unaosumbua. Makala atasoma usiku, mchana ashike spana.

Zoezi la kwanza nimelitunga hivi. Maji yaliyokwisha kusafishwa hatua ya pili yanaingia tangi jeupe la plastiki, yanapita chujio la mikroni 300, yanapewa feri kloridi (chumvi ya chuma inayogandisha uchafu; mg 3 za chuma kwa lita), yanaingia moduli ya nyuzi zenye tundu (vijibomba vyembamba ambavyo kuta zake ndizo utando) yenye utando wa m² 5, kisha taa ya UV ya kuua vijidudu, kisha klorini. Flaksi, yaani maji yanayopita kila m² ya utando, ni lita 50 kwa m² kwa saa. Kila baada ya dakika 30 za kuchuja, mtambo unajiosha kinyumenyume dakika 1 kwa flaksi ya 100.

Flaksi haikuguswa, lakini tofauti ya presha kwenye utando ilikwenda hivi:
siku 0: bar 0.15
siku 3: 0.17
siku 6: 0.22
siku 7: 0.34
siku 8: 0.46
siku 9: 0.55

Joto la maji lilishuka kutoka nyuzi 26 hadi 18. Siku ya 9 opereta akasafisha chujio, akaosha utando kwa asidi ya sitriki na akabadilisha valvu ya pampu ya dozi, yote asubuhi moja. Presha ikarudi 0.19. Swali kwa mwanafunzi: kiliharibika nini?

#2 Spana_17
Naunga mkono hoja. Na jibu ni jepesi: joto. Maji ya baridi ni mazito, yanapita kwa shida. Tufunge uzi.

#3 Bi_Ukungu
Usifunge bado, kaka. Mnato wa maji kwa nyuzi 26 ni kama 0.87, kwa nyuzi 18 ni 1.05. Gawanya: unapata mara 1.21. Kwa hiyo joto peke yake lingeitoa presha 0.15 na kuifikisha 0.18. Iliyobaki, kutoka 0.18 hadi 0.55, joto halihusiki.

Ila umegusa jambo la maana. Hiyo 0.19 baada ya kuosha si utando uliobaki mchafu, kama wengi watakavyosema. Kwa nyuzi 18 utando safi ungesoma 0.18. Umerudi karibu wote.

#4 Koki_Mbovu
Kabla hamjatupiga kemia: geji ya kuingilia imefungwa wapi? Kabla ya chujio la mikroni 300 au baada yake?

#5 Maji_MaraMbili
Kabla ya chujio. Mchoro wa bomba mwanafunzi anapewa, lakini haambiwi auangalie.

#6 Koki_Mbovu
Basi mmekwisha. Hiyo mnayoiita presha ya utando ni presha ya utando jumlisha presha ya chujio. Chujio likivaa nywele, nyuzi za nguo na matope, geji inapanda huku utando hauna hili wala lile. Na chujio huziba hivyohivyo: linakaa kimya siku nyingi, likibaki na matundu machache linapanda ghafla. Angalia siku ya 6 kwenda 7.

#7 Mzee_wa_Feri
Hayo ya chujio nayakubali nusu. Mimi naona dozi. Kwa lita 250 kwa saa unahitaji mg 750 za chuma kila saa. Feri kloridi ya dukani ya asilimia 40 ina kama g 195 za chuma kwa lita, kwa hiyo ungehitaji mililita 3.8 kwa saa. Hakuna pampu ndogo ya diaframu inayopiga kiasi hicho bila kurukaruka. Wanafunzi wote hufikia uamuzi uleule: wanaipunguza makali kwa maji. Wakifika g 5 kwa lita wanapiga mililita 150 kwa saa, na pampu inatulia.

Tatizo linaanzia hapo. Feri ikipunguzwa sana kwa maji ya bomba yenye alkali, inaanza kuganda ndani ya ndoo. Matope ya rangi ya kutu yanakaa chini, yanaingia kwenye valvu ya pampu, kijipira hakikai sawa, na dozi inashuka bila king'ora. Pampu inatikisika, taa ya kijani inawaka, hakuna kinachotoka. Bila feri, vitu vidogovidogo vinaingia moja kwa moja kwenye matundu ya utando badala ya kukaa juu kama ganda linalooshwa kila nusu saa. Ndiyo maana kubadilisha valvu kulisaidia.

Kipimo chake ni rahisi: silinda ya kupimia kwenye bomba la kunyonya, saa mkononi, mililita ngapi kwa dakika 10. Kila asubuhi. Namba iliyoandikwa kwenye kioo cha pampu si kipimo.

#8 Nyuzi_Elfu
Mzee heshima yako, lakini kukosa feri kungeonekana tangu siku ile dozi ilipokatika, si kungoja siku 6 kisha kuruka. Mpando wa pole unaofuatwa na mruko ni tabia inayojulikana ya utando unaoendeshwa kwa flaksi isiyobadilika: sehemu moja inaziba, mzigo wake unahamia kwenye nyuzi zilizobaki, flaksi ya hapo inapita kiwango ambacho uchafu huanza kushikamana, nazo zinaziba kwa kasi.

Na chakula cha uchafu kiko wazi kwenye #1: tangi jeupe. Plastiki inayopitisha mwanga ikijaa maji yenye naitrojeni na fosforasi ni shamba la mwani. Utelezi wake ndio gundi. Funika tangi kwa turubai jeusi kabla ya kununua chochote.

#9 Spana_17
Kwa hiyo tuna chujio, valvu, mwani na joto langu lililonyang'anywa. Anayefuata?

#10 Hesabu_Tu
Anayefuata ni mimi, na nina ugomvi na #7. Mtambo hautoi lita 250 kwa saa. Dakika 30 unachuja lita 125, dakika 1 unatumia lita 8.3 kujiosha. Unabaki na lita 116.7 kwa kila dakika 31, yaani lita 226 kwa saa. Dozi ya Mzee iko sawa kwa sababu inahesabiwa kwa maji yanayoingia, ila mwanafunzi atakayeandika 250 kwenye mizania ya maji ya tasnifu yake atarudishwa.

Pia presha peke yake isichorwe. Chora upenyaji (flaksi gawanya presha) uliosahihishwa hadi nyuzi 20. Siku 0: 50 gawanya 0.15 ni 333, kwa nyuzi 20 ni 290. Siku 9: 50 gawanya 0.55 ni 91, kwa nyuzi 20 ni 96. Umepotea asilimia 67. Hiyo ndiyo namba ya kujadili.

#11 Kalamu_Nyekundu
Nina pingamizi kwa zoezi zima. Opereta kabadilisha vitu vitatu asubuhi moja, kwa hiyo kwa takwimu hizi jibu haliwezi kupatikana. Mnamfundisha mtu kubahatisha kwa kujiamini. Mwanafunzi wa uzamivu ana miaka mitatu au minne. Wiki nane za fumbo lisilo na ufunguo ni ghali, na mtahini atauliza sura yake iko wapi kwenye tasnifu.

#12 Maji_MaraMbili
Nimelitunga hivyo makusudi, mkuu. Ninachosahihisha si jibu bali ukurasa mmoja: sababu zote zinazowezekana, kila moja na kipimo ambacho kingeikataa, kinachukua muda gani, na kifanyike kabla ya kipi. Atakayeandika "ni mwani" akatua kalamu, anarudia.

#13 Kalamu_Nyekundu
Bado. Fumbo lisilo na ufunguo liende sambamba na lenye ufunguo. Mweke msimamizi aharibu kitu kimoja kwa siri, alegeze valvu ya kuzuia maji kurudi au akate unyuzi mmoja, mwanafunzi akitafute. Hapo unaweza kumpima.

#14 Nyuzi_Elfu
Unyuzi uliokatwa ni zoezi zuri. Toa maji upande mmoja, sukuma hewa hadi bar 1, funga, subiri dakika 5 hadi 10 uone presha inashuka kiasi gani. Ikishuka kupita kawaida, tafuta mapovu kwenye kipande cha bomba kinachopitisha mwanga, kisha ziba unyuzi kwa pini. Kosa la kawaida: valvu yenyewe inavuja hewa na mtu anaulaumu utando. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kwanza.

#15 Bi_Ukungu
Turudi kwa opereta wetu wa asubuhi moja. Usafi wenyewe ni kipimo, ukifanywa kwa hatua. Ningewapa wanafunzi utaratibu huu.

Kwanza, kabla ya kugusa kitu, pima presha kabla ya chujio, baada ya chujio na upande wa maji safi, kwa flaksi tatu: 20, 35 na 50. Pili, safisha chujio peke yake, pima tena zile tatu. Tatu, osha kinyumenyume mara mbili mfululizo, pima: kilichorudi hapa kilikuwa ganda la juu tu. Nne, haipokloraiti (klorini ya majimaji) mg 200 kwa lita, loweka dakika 15, suuza, pima: kilichorudi ni mambo ya viumbe, mwani na utelezi. Tano, asidi ya sitriki g 10 kwa lita, ambayo inakupa pH ya 2.2 hivi, loweka, suuza, pima: kilichorudi ni chuma au chokaa.

Kati ya nne na tano suuza mpaka klorini isome sifuri. Klorini ikikutana na asidi inatoka gesi ya sumu, na chumba cha mtambo wa majaribio huwa kidogo.

#16 Mzee_wa_Feri
Dada, utaratibu ni safi ila mpangilio wa nne na tano naupinga. Penye feri anza na asidi. Haipokloraiti ina alkali, haiyeyushi chuma, na chuma chenyewe kinaichakaza klorini kabla haijafika kwenye utelezi. Utasema "klorini haikusaidia, kwa hiyo si viumbe", kumbe klorini haikufika.

Tena hiyo asidi usiimwage. Kila siku unaingiza g 18 za chuma, ambazo ni karibu g 34 za hidroksidi. Siku 9 ni g 162 za chuma. Pima chuma kwenye maji ya kujiosha na kwenye asidi iliyotumika. Kama chuma kilichotoka hakikaribii kilichoingia, kingine kiko kwenye utando, au hakikuingia kabisa kwa sababu ya valvu niliyoisema kwenye #7. Mizania ya chuma inatenganisha hayo mawili.

#17 Bi_Ukungu
Ukianza na asidi nawe utakuwa umebomoa utelezi ulioshikiliwa na chuma, na sifa zote zitaenda kwa asidi. Tufunge moduli mbili ndogo sambamba, moja ianze hivi, nyingine vile. Zikitofautiana, ndiyo sura ya tasnifu anayoililia Kalamu.

#18 Hesabu_Tu
Mwanzisha uzi, kumbukumbu za presha zinaandikwa kila baada ya muda gani?

#19 Maji_MaraMbili
Kila saa moja. Makusudi pia.

#20 Hesabu_Tu
Nilijua. Mtu atasema rekodi ya saa moja haiwezi kuonyesha kinachotokea ndani ya mzunguko wa dakika 31. Inaweza. Dakika 60 ni mizunguko miwili kasoro dakika 2. Kwa hiyo kila rekodi inaangukia dakika 2 nyuma ya ile iliyotangulia ndani ya mzunguko: kama ya kwanza ni dakika ya 28, inayofuata ni ya 26, kisha 24. Baada ya rekodi 31 umepita kila dakika ya mzunguko mara moja. Zipange kwa dakika ya mzunguko badala ya saa ya ukutani, utaona presha inavyopanda kutoka kuosha hadi kuosha. Ikianza chini kila mara na kupanda sana, ni ganda linalooshwa. Ikianza juu tayari, uchafu umeingia ndani.

Mwanafunzi atakayeligundua hili bila kuambiwa, mpeni mada siku hiyohiyo.

#21 Spana_17
Hesabu, safari hii umechapia. Valvu za mtambo hazigeuki kwa kupepesa jicho. Weka sekunde 20 za kufungua na kufunga kwa kila mzunguko. Kwa siku moja ni mizunguko 46, umeteleza dakika 15, nusu ya mzunguko. Mpangilio wako unakuwa uji.

#22 Hesabu_Tu
Kweli, dakika 31 kamili haipo. Lakini jaribu vipindi kuanzia 31.0 hadi 31.7 kwa hatua ndogo, chagua kile ambacho nukta zinajipanga. Tumia siku 0 hadi 3, presha ikiwa bado imetulia.

#23 Spana_17
Na valvu ikianza kuwa nzito siku ya 5?

#24 Hesabu_Tu
Hapo sina la kusema. Andika kila sekunde 10 uachane na mimi.

#25 Tone_la_Mwisho
Kurasa mbili mnabishania presha. Anayenywa au kumwagilia hajali presha. Wekeni zoezi la klorini: maji yana mg 6 za naitrojeni ya amonia kwa lita, dozi ya klorini ni mg 10, tangi la kugusana, ambamo klorini hukaa na maji, lita 125 (nusu saa kwa lita 250 kwa saa), na E. coli (bakteria wa kinyesi) bado wapo.

Wanafunzi huandika "klorini huru". Haipo. Uwiano ni 1.7 kwa 1, yote imeshikwa na amonia na kuwa kloramini, ambayo huua polepole. Kuvuka ile hatua ya kuvunja amonia kinadharia ni 7.6 kwa 1, yaani zaidi ya mg 45, na kwa maji halisi huenda juu ya hapo. Kipimo cha klorini cha rangi ya waridi nacho kinawadanganya: ukikiacha kikae dakika kadhaa, kloramini inaanza kusomeka kama klorini huru. Soma ndani ya dakika moja.

#26 Koki_Mbovu
Ongeza tangi lenyewe. Nusu saa ni ya kwenye karatasi. Tangi lisilo na kuta za ndani lina maji yanayokata njia. Nyunyiza chumvi: weka g 0.2 kwa lita mfululizo kwenye maji yanayoingia, upitishaji umeme utaongezeka kama mikrosimensi 400, na usome ni dakika ya ngapi maji yanayotoka yanafikia asilimia 10 ya ongezeko hilo. Ikitoka dakika ya 5 usishangae. Usimwage chumvi kali kwa mkupuo, itazama chini na kukupa tangi ambalo halipo.

#27 Nyuzi_Elfu
Na kinyume chake, sampuli zinazoonekana safi kupita kiasi. Chupa isiyo na thiosalfeti (dawa ya kuzima klorini) inaendelea kuua vijidudu njiani hadi maabara. Mililita 0.1 ya myeyusho wa asilimia 3 kwenye chupa ya mililita 120 inatosha klorini hadi mg 5 kwa lita. Kwa zoezi la Tone lenye dozi ya mg 10 hiyo haitoshi, tumia wa asilimia 10.

#28 Kalamu_Nyekundu
Hapa ndipo kanuni iingie, wajue wanalenga nini. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2020/741, iliyoanza kutumika 26 Juni 2023, inahusu maji taka ya kumwagilia mashamba. Daraja A, la juu kabisa: E. coli wasizidi 10 kwa mililita 100, ukungu wa maji usizidi 5 kwa kipimo cha NTU, na uthibitisho wa kupunguza E. coli kwa logi 5 (mara 100,000). Sasa maji yao yakiingia kwenye utando na E. coli 10,000 kwa mililita 100, logi 5 haithibitiki hata wakipata sifuri, labda wachuje lita nzima.

#29 Bi_Ukungu
Hesabu yako sawa, mahali pa kuanzia si sawa. Uthibitisho ule unahesabiwa kutoka maji taka ghafi yanayoingia kwenye kituo, si kutoka mlango wa utando. Huko E. coli ni milioni na zaidi kwa mililita 100, logi 5 inaonekana bila shida. Wanafunzi wanaosahau hili wanapima katikati ya mnyororo na kuulaumu mtambo. Logi 6 za virusi vinavyoshambulia bakteria, ambazo kanuni inazitaka pia, ndizo zitakazowatoa jasho.

#30 Spana_17
Singapore ndio walioanza kunywa maji ya aina hii, tuwatafutie wanafunzi nafasi huko.

#31 Mzee_wa_Feri
Aa! Windhoek, Namibia, 1968, na wanayaingiza moja kwa moja kwenye mtandao wa maji ya kunywa. NEWater, maji taka yaliyosafishwa ya Singapore, ni ya 2003, na sehemu kubwa inakwenda viwandani. Kaa chini.

#32 Kalamu_Nyekundu
Kuhusu nafasi: mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie (ufadhili wa Umoja wa Ulaya) inaruhusu hadi theluthi moja ya muda mwanafunzi akae kwa mshirika mwingine. Wiki nane za #1 zinaingia humo bila kula muda wa tasnifu. Pingamizi langu nalipunguza, silifuti.

#33 Mzee_wa_Feri
Jambo moja la UV halijasemwa. Feri inayopita hujibandika kwenye kioo cha taa kama kivuli cha kahawia. Kihisi cha mwanga kinasoma chini, mwanafunzi anaagiza taa mpya. Vua kioo, kipanguse kwa sitriki ileile ya kuoshea utando, ndipo uhukumu taa.

#34 Koki_Mbovu
Mwanzisha uzi, bado sijashawishika na mwani. Weka geji ya tatu baada ya chujio tu, ni kiungo cha T na nusu saa ya kazi.

#35 Maji_MaraMbili
Nimeongeza kwenye mchoro wa toleo la pili. Toleo la kwanza linabaki bila.

#36 Hesabu_Tu
Hizo geji mbili za mwanzo ziko kimo kimoja? Sentimita 10 za maji ni karibu bar 0.01. Kama ya kuingilia iko chini ya ile ya kutokea kwa sentimita 60, toa 0.06 kila mahali. Siku 0 inakuwa 0.09, siku 9 inakuwa 0.49, na ile asilimia 67 yangu ya #10 inakuwa 78.

#37 Bi_Ukungu
Na 0.18 yangu ya #3 inabadilika pia. Zima pampu, acha mabomba yamejaa, valvu wazi, soma zote mbili. Tofauti yoyote utakayoiona hapo si ya utando.

#38 Maji_MaraMbili
Kimo sikukiandika popote. Hilo sikulifanya makusudi.